Santuri Kuukuu Mpakani: Ziuzwe, Zitolewe, Zisagwe au Zitupwe?

Nyumba nyingi za zamani za Busia na Malaba, upande wa Kenya, zina katoni moja juu ya kabati ambayo hakuna anayejua la kuifanyia. Imejaa santuri. Mwenyewe alishafariki au amezeeka, gramafoni iliharibika miaka mingi iliyopita, na sindano yake haipatikani madukani. Watoto wakikusanyika kugawana vyombo baada ya matanga, mjadala huanza. Mmoja amesikia kwamba Wazungu hununua vitu hivi kwa maelfu ya shilingi. Mwingine anasema hii ni plastiki tu, apewe mwokota chupa. Wa tatu anaona ni uchafu, keshachimba shimo nyuma ya nyumba na kiberiti anacho mkononi. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, isipokuwa huyo mwenye kiberiti.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Santuri ni wimbo, ni bidhaa ya kuuzwa, na ni plastiki, yote kwa pamoja. Anayeitazama kwa jicho moja hufanya uamuzi unaoharibu yale mengine mawili.

Zilikotoka

Tangu miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, na kilihudumia soko la Kenya, Uganda na Tanganyika. Kampuni ya East African Records ndiyo iliyotangulia. Baadaye mitambo hiyo ikawa mikononi mwa PolyGram. Wanamuziki waliifuata mitambo. Equator Sound, studio iliyotoa "Malaika" ya Fadhili William, ilikuwa na Mkenya Daudi Kabaka, Mganda Charles Sonko na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi chini ya paa moja. Katika miaka ya 1970 bendi zenye asili ya Kongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilifanya Nairobi kuwa makao yao. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyekuja kuwa mbunge, alisambaza muziki wa benga hadi kusini mwa Afrika. Muziki wa sungura wa Zimbabwe umebeba jina la lebo yake mojawapo.

Mji wa mpakani haukukosa wanunuzi wa muziki huo. Walikuwapo wenye baa, watumishi wa forodha, walimu, na pale Malaba watu wa reli. Kwa hiyo katoni ya Busia haifanani na ya Mombasa. Hapa utakuta gitaa la Kiluhya la akina George Mukabi na Sukuma bin Ongaro, benga ya Kijaluo, rumba ya Kongo, labda Kiganda kidogo, na juu ya yote, rundo la nyimbo za Kimarekani za Jim Reeves na Skeeter Davis, ambao Wakenya wa kizazi kile waliwapenda kuliko walivyowapenda jirani zao.

Kanda za kaseti ndizo zilizoiua biashara hii. Kaseti ilikuwa rahisi kunakili, haikuogopa vumbi sana, na ilipigwa kwenye redio ya betri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 kukandamiza santuri Nairobi kulikuwa kumekwisha. Jambo hilo lina matokeo mawili yanayotuhusu leo: hakuna kiwanda cha kurudishia bidhaa hii, na baadhi ya nyimbo zilizotoka hapo hazikubaki popote ila kwenye santuri zenyewe, kwa sababu kanda asilia za studio zilipotea au zilitawanyika.

Wanaosema ziuzwe

Hoja yao ina nguvu. Soko lipo kweli. Nairobi kuna Jimmy Rugami, maarufu kwa santuri katika soko la Kenyatta tangu mwaka 1989, na kuna duka la Melodica katikati ya jiji, linalouza hata santuri za zamani ambazo hazijawahi kuchezwa. Ng'ambo, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa "Kenya Special" mwaka 2013, ikafuatiza wa pili mwaka 2016, na kampuni ya Sterns nayo ilitoa "Urgent Jumping!" mwaka 2016, mkusanyiko wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki. Kila mkusanyiko wa namna hiyo huwasha hamu ya wakusanyaji, na hamu hiyo hupandisha bei. Santuri ndogo ya Kenya iliyo adimu na safi huuzwa ng'ambo kwa makumi ya dola, nyingine zaidi ya mia.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba thamani imekaa kinyume na wenye mali wanavyodhani. Familia huweka juu ya rundo ile santuri kubwa yenye picha ya rangi: Jim Reeves, ABBA, Boney M. Hizo zilikandamizwa kwa mamilioni duniani kote na bei yake haitoshi nauli ya matatu hadi Bumala. Santuri ndogo za mizunguko 45, zilizolundikwa chini bila mifuko, zenye wimbo mmoja uliokatwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, ndizo wanunuzi wanazotafuta. Za benga zilitengenezwa hivyo makusudi: maneno upande mmoja, na magitaa yakipamba moto unageuza.

Mnunuzi anayepita kijijini analijua hilo, mwenye katoni halijui. Basi hununua "zote pamoja" kwa bei ya chuma chakavu, au huchambua kumi anazozitaka na kuacha themanini zisizo na mteja. Hali yenyewe nayo huamua. Mkwaruzo ambao ukucha unauhisi utasikika ukiipiga, na santuri iliyopinda kwa joto haitengemai. Plastiki yake huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kiwango ambacho katoni iliyobanwa chini ya mabati bila dari inaweza kukikaribia jua la Februari likiwaka. Kwa hiyo kuuza ni jibu la sehemu ndogo ya katoni. Anayedhani ni jibu la katoni nzima ameuziwa ndoto.

Wanaosema zitunzwe au zitolewe

Hawa husema huu ni urithi, na urithi hauuzwi. Wana haki kuhusu urithi. Sheria lakini haiwasaidii sana: Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na santuri yoyote iliyokandamizwa Nairobi ni changa mno. Hakuna afisa wa mpakani atakayeizuia benga ya 1974 isiondoke. Ulinzi uliopo ni hiari ya familia.

Hiari hiyo huzaa aina mbili za utunzaji. Ya kwanza ni kuziacha pale zilipo, na hiyo kwa kweli ni kuzitupa polepole. Mchwa hula mifuko ya karatasi, ukungu huota kwenye mistari, na santuri zilizolazwa moja juu ya nyingine hupinda. Ukitaka kutunza, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na paa, na uzioshe kwa maji safi na sabuni kidogo bila kulowesha lebo. Kazi ni ndogo, lakini ni kazi.

Ya pili ni kutoa. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imefanya kazi ya miaka mingi ya kufuatilia muziki wa Kenya, ikiwemo ule mradi wa benga uliotoka mwaka 2008. Kuna Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Wakazi wa mpakani husahau kwamba Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Kutoka Busia ni kama kilomita 200, ilhali Nairobi ni zaidi ya 400. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyesimamia Makumbusho ya Uganda na kurekodi muziki nchini humo katikati ya karne iliyopita. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wimbo wa Kiteso ulionunuliwa Malaba si mgeni Kampala.

Tatizo la kutoa ni kwamba watu wengi hutoa ili kuondoa mzigo, si ili kitu kitumike. Katoni ya santuri mia za Kimarekani inayoshushwa mlangoni pa hifadhi yenye chumba kimoja na wafanyakazi wachache si zawadi. Ni taka iliyobadilishiwa anwani. Kabla ya kubeba chochote, pigeni picha lebo za pande zote mbili kwa simu, pamoja na ile namba iliyochorwa kwenye ukingo laini kati ya mistari na lebo, kisha mtume picha. Hifadhi itachagua yenyewe. Na hata ikikataa zote, orodha ya picha imebaki: jina la bendi, mtunzi, lebo, namba. Kwa mtafiti orodha hiyo ni nusu ya kazi.

Wengine hupendekeza nyimbo zihamishiwe kwenye simu na santuri zitupwe. Kunakili ni jambo jema kwa wimbo adimu, lakini mtu asidhani ununuzi wa santuri ulimpa haki ya wimbo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi wenyewe hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusikiliza nyumbani na kusambaza mtandaoni ni mambo mawili tofauti, hasa ikiwa mjane wa mtunzi anaishi kijiji cha pili.

Wanaosema zigeuzwe mapambo

Saa ya ukutani, bakuli lililokunjwa kwa joto, mkufu, ukuta wa mkahawa. Haya yanapendeza, na mafundi wa jua kali wana mikono ya kuyafanya. Kwa santuri iliyopasuka au iliyopinda kabisa, sina ugomvi nayo. Ila soko la mpakani la saa za santuri ni dogo, na bakuli lisiwekewe chakula: plastiki ya PVC ya enzi hizo mara nyingi iliongezewa madini ya risasi au kadmiamu ili istahimili joto la mashine. Kosa kubwa zaidi ni fundi kuchukua santuri nzima kwa sababu ina shimo zuri katikati, akatoboa wimbo ambao hakuna aliyeuangalia jina.

Wanaosema ni plastiki tu

Hapa ndipo watu hupotoka zaidi, kwa hiyo inafaa twende taratibu.

Kwanza, si zote ni plastiki ya leo. Santuri nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Hizo ndizo za zama za mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na ziliendelea kutengenezwa hadi enzi ya uhuru. Hazisagiki pamoja na plastiki yoyote. Zilizovunjika huzikwa, nzima zisiguswe mpaka aulizwe mjuzi, maana kila moja inayopona ni bahati.

Zilizobaki ni PVC, ndugu wa mabomba ya maji. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, na hilo ndilo linaloamua mengine yote. Ukiichoma, klorini hutoka kama gesi ya asidi inayounguza macho na mapafu, na moto wa shimo, usio na joto la kutosha wala hewa ya kutosha, huzalisha dayoksini. Hizo ni sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulitungwa kuzipunguza, na mkataba huohuo unataja uchomaji taka ovyo kuwa chanzo chake. Dayoksini hutua kwenye majani, ng'ombe akala, ikakaa kwenye mafuta ya maziwa. Mwenye kiberiti anadhani moshi umeondoka. Umeenda zizini. Kipande cha santuri cha kuwashia jiko ni kibaya vilevile, na zaidi kikiwashwa ndani ya nyumba.

Je, apewe mwokota chupa? Anayenunua plastiki kwa kilo hutafuta chupa za maji na soda, madumu na vyombo. Chupa ni PET, na PET huyeyushwa kwenye joto linalokaribia nyuzi 260. PVC huharibika kabla ya hapo, ikatoa asidi na kuacha madoa meusi. Kiasi kidogo tu kinaharibu mzigo. Hata kwenye maji haziachani, kwa kuwa uzito wake unakaribiana. Kwa hiyo mnunuzi anayeikataa santuri hana maringo, anajua biashara yake. Kibaya ni kumvunjia vipande ukavificha ndani ya gunia la chupa. Unamtia hasara mtu ambaye kipato chake chote ni hilo gunia.

Kitaalamu PVC husagika. Viwanda vyenyewe vya santuri duniani vilisaga zenye kasoro, na mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 vingi vilizidisha, hata wasikilizaji wakalalamika kwamba santuri mpya zinakwaruza. Sharti lilikuwa kukata lebo ya karatasi kwanza. Leo kiwanda cha viatu vya plastiki au cha mabomba ya maji machafu kingeweza kuzipokea, lakini si cha mabomba ya maji ya kunywa, kwa sababu ya ile risasi. Shida ni hesabu. Santuri kubwa ina gramu 140 hivi, ndogo gramu 40. Kubwa mia moja ni kilo 14. Kilo 14 haziwezi kulipa safari ya kilomita 400. Zingehitaji kusubiri mahali, zikusanywe na mabomba yaliyovunjika na viatu vilivyochakaa, mpaka liwe shehena.

Mahali hapo ndipo sheria na hali halisi zinapoachana. Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka ziwe na vituo vya kuchambua taka, na inataka kila nyumba itenge zinazooza na zisizooza. Kanuni za 2024 zimembebesha mzalishaji gharama ya bidhaa yake inapochakaa. Yote mazuri, ila mzalishaji wa santuri hayupo. Mitambo ilizimwa kitambo, lebo zikafungwa. Santuri ni yatima wa kanuni hizo, na yatima hulelewa na kaunti au na mwenye nyumba.

Mpaka unaongeza nini

Mpaka huzidisha kishawishi. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Busia na Malaba zimekuwa mlango wa mifuko ya magendo kutoka Uganda, na njia za panya zimezoea kubeba plastiki. Ni rahisi mtu kuwaza kwamba kinachokataliwa hapa kivushwe kwa bodaboda kikatupwe kule.

Sheria inatofautisha. Santuri nzima inayochezeka ni bidhaa. Iuzwe Kampala, ivushwe kwenye kituo cha pamoja cha forodha, itangazwe kama bidhaa nyingine yoyote. Santuri iliyovunjika ni taka ya PVC. Tangu tarehe 1 Januari 2021, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka nchi inayopokea taka ya aina hiyo iridhie kwanza, na Kenya na Uganda zote ni wanachama. Kutupa mtoni nako si kuondoa: Mto Sio huishia Ziwa Victoria, na maji ya Mto Malaba huelekea Uganda, upande wa Ziwa Kyoga. Anayetupa Malaba anamtupia jirani.

Kipi kitangulie

Kila upande kati ya hizi una sehemu yake, ila hazilingani, kwa sababu baadhi ya hatua hazirudishiki. Santuri iliyouzwa inaweza kutafutwa. Iliyosagwa au kuchomwa imekwisha. Kwa hiyo kinachoamua ubora wa uamuzi ni mpangilio wa hatua kuliko chaguo lolote moja.

Kwa maoni yangu wimbo utangulie: kutambua, kupiga picha, kuuliza hifadhi. Biashara ifuate, na iwe baada ya kujua kilichomo, kwa kuuza moja moja au kwa mafungu yaliyochambuliwa. Kuuza zote pamoja gizani ni kosa. Mapambo yapewe zile zilizokufa kweli. Plastiki iwe ya mwisho, na kama hakuna kiwanda kinachopokea, zilizovunjika zikatwe lebo, zifungwe pamoja na ziende jaa rasmi la kaunti zikazikwe. Kuzika PVC si jambo la kujivunia, lakini ikiwa chini ya udongo bila moto madhara yake ni madogo mno kuliko moshi wake. Kuchoma kusiwepo kwenye orodha kabisa.

Serikali ya Kaunti ya Busia ingeweza kusaidia bila bajeti kubwa: gunia moja la PVC kwenye kila kituo cha kukusanyia taka, Busia mjini na Malaba, lipokee mabomba, viatu na santuri kwa pamoja, na rafu moja kwenye maktaba au chuo kikuu cha Alupe ya kuwekea nakala za picha za lebo ambazo familia zimepiga. Hadi hapo, kazi ni ya wenye nyumba. Mkiishusha hiyo katoni, anzeni na zile ndogo zilizo chini kabisa, zisizo na mifuko, zenye majina ya watu wa kwenu. Za Jim Reeves zinaweza kusubiri.